Kazi ya Mlima Kilimanjaro: Mpagazi apata nini, apoteza nini?

MOSHI. Mvua za masika zinapokatika na theluji ya Kibo kuanza kuonekana asubuhi, soko moja mjini Moshi huchangamka kuliko mengine. Si la kahawa wala la ndizi, bali ni soko la ajira ya mlima. Makampuni ya utalii hutafuta wapagazi, wapishi na waongozaji wa msimu mkubwa wa Juni hadi Oktoba.

Ulaya na Marekani, milima ya theluji imezaa makampuni ya michezo ya kuteleza, ambayo kila msimu huajiri vibarua wengi na mara nyingi huwapa malazi na pasi ya kuteleza bure. Kilimanjaro haina kiwanja cha mchezo huo, ingawa Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König waliteremka Kibo kwa skii mwaka 1912. Hapa mgeni hupanda kwa miguu, na mzigo wake hupanda kichwani mwa kijana wa Marangu, Machame au Kibosho. Wenyewe hujiita "wagumu".

Fedha ya haraka

Faida ya kwanza ni kwamba malipo hayachelewi kama ya shambani. Mkahawa hulipa mara moja kwa mwaka, na tangu mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, wakulima wengi wa Kilimanjaro wameona bei ikiyumba. Mlima hulipa ndani ya wiki moja.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza viwango vya chini vya dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa mwongozaji. Tuchukue mfano wa kampuni inayolipa Sh. 20,000 kwa siku. Safari ya siku 6 kwa njia ya Machame humpa mpagazi Sh. 120,000. Akipata safari mbili kwa mwezi ni Sh. 240,000, bila kuhesabu bakshishi ya wageni.

Faida ya pili ni ngazi ya kupandia. Mpagazi mwenye bidii aliyejifunza Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa anaweza kuwa mwongozaji msaidizi, kisha mwongozaji mkuu mwenye leseni. Wapo waliofika mbali zaidi wakafungua makampuni yao wenyewe.

Mzigo na baridi

Hasara huanzia getini. Kanuni inaruhusu mzigo wa kampuni usiozidi kilo 20, lakini mpagazi hubeba pia nguo na vitu vyake mwenyewe. Kutoka lango la Machame, lenye urefu wa mita 1,800 hivi, hadi kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600, hewa huzidi kuwa nyepesi na usiku maji huganda. Asiye na koti la mvua na viatu imara huhatarisha maisha, na wapo wapagazi waliokufa kwa baridi.

Asasi ya KPAP, iliyoanza kazi mwaka 2003 na yenye ofisi Moshi, huwaazima wapagazi nguo za mlima bila malipo na kufuatilia jinsi makampuni shiriki yanavyowatunza.

Hasara nyingine ni kukosa uhakika. Masika ya Machi hadi Mei hupunguza wageni, na mwenye Sh. 240,000 mwezi Agosti anaweza kukosa hata shilingi mwezi Aprili. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege za abiria wa kimataifa, wengi walirudi kihambani. Aidha, kibarua wa safari moja moja mara nyingi hana mkataba wa maandishi wala michango ya hifadhi ya jamii.

Bei nafuu hulipwa na nani?

Ada za hifadhi hulipwa kwa kila siku ya mgeni, na hakuna kampuni inayoweza kuzikwepa. Kwa hiyo kampuni inayouza safari kwa bei ya chini mno haina pengine pa kupunguza isipokuwa kwenye mishahara, chakula na idadi ya wapagazi. Mgeni mmoja kwa kawaida huhitaji wapagazi watatu au zaidi. Wakipunguzwa, mzigo haupungui. Waliobaki ndio huugawana.

Mwaka 2019 serikali ilipozungumzia mpango wa magari ya kamba mlimani, wapagazi walikuwa wa kwanza kulalamika. Hoja yao ilikuwa rahisi: mgeni anayepanda na kushuka siku moja hahitaji hema, jiko wala mbebaji. Kazi ni ngumu, lakini ndiyo iliyopo.

Kwa kijana anayeingia soko hili, maswali matatu yanafaa kuulizwa kabla mzigo haujapimwa: malipo kwa siku ni kiasi gani na yatatolewa lini; bakshishi itagawanywa hadharani au la; na chakula na hema la kulala ni juu ya nani. Kampuni inayojibu yote matatu bila kusitasita inafaa kusubiriwa, hata kama safari yake ya kwanza ni ya wiki ijayo. Isiyojibu, ni heri kumwachia mwingine mzigo wake.