Kufuta, Kuficha na Kubakiza Safuwima

Neno "kuondoa" limezoeleka mno katika maelezo ya hifadhidata, nalo limebebeshwa maana tatu ambazo yafaa zitenganishwe. Tuchukue mfano wa jedwali la wanachama lenye safuwima za jina, anwani, nywila na picha.

Kufuta ni kuing'oa safuwima katika jedwali, yaliyomo hupotea. Kuficha ni kuichota pamoja na nyingine, kisha kutoionyesha kwenye skrini. Lakini imekwisha kufika katika kumbukumbu ya programu. Kubakiza ni kutoichota kabisa: hubaki salama jedwalini, nyingine zikaletwa.

Tendo hili la tatu hutumika sana katika Active Record, maktaba ya lugha ya Ruby, lugha iliyotolewa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto wa Japani. SQL ya kawaida, ambayo ndiyo lugha ya kuuliza hifadhidata, huruhusu kutaja safuwima moja moja, au kuziomba zote kwa alama ya nyota. Haina neno la "zote isipokuwa hii". Kwa hiyo mtunga programu huchukua orodha ya majina yote, akatoa asiyoyataka, akaomba yaliyosalia. Programu ikijaribu baadaye kuisoma safuwima iliyobakizwa, haipewi nafasi tupu, bali taarifa ya kosa.

Mfasiri aandikaye "ondoa safuwima ya nywila" pasipo kupambanua aweza kumfanya msomaji azifute nywila za wanachama wote. Hivyo basi twapendekeza: kufuta kwa jedwali, kuficha kwa skrini, kubakiza kwa ulizo.