SHA na Pesa ya Stoki: Hesabu Ambayo Kila Muuzaji wa Online Anafaa Kufanya

Leo tuache kidogo mambo ya kupiga picha za bidhaa na kujibu wateja wa inbox. Tuongee kuhusu kitu ambacho hufunga biashara ndogo haraka kuliko mteja msumbufu. Bili ya hospitali.

Kuna dada mmoja namjua, anauza madera kwa WhatsApp status. Stoki anatoa Eastleigh, rider anapeleka, maisha yanasonga. Mwaka jana mama yake akalazwa siku tisa. Elfu thelathini na nane ya stoki ikaenda yote. Na ile deposit ya wateja watatu waliokuwa wameagiza, ikaenda pia. Mama alipona, shukrani kwa Mungu. Lakini dada alirudi online akiwa na deni, na wateja watatu wakimwita mwizi kwenye comments.

Je, alikuwa na SHA? Alikuwa amejisajili. Hakuwa amelipa. Alidhani ni kitu kimoja.

TULITOKA WAPI

Kwenye kampeni za 2022, muungano wa Kenya Kwanza unaoongozwa na chama cha UDA uliahidi kupunguzia mwananchi mzigo wa matibabu. Manifesto yao ilisema huduma za afya ya msingi zilipiwe na serikali, mchango wa bima uwe wa familia nzima, na kuwe na hazina ya dharura na magonjwa sugu.

Wakati huo tulikuwa na NHIF. Mfanyakazi wa mshahara alikatwa kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi kulingana na anachopata. Sisi wa kujiajiri? 500 kila mtu. Mwenye kibanda cha nyanya 500, mwenye duka tatu za simu 500.

Oktoba 2023 Rais William Ruto akatia sahihi sheria nne za afya, na mojawapo ndiyo iliyoleta SHA. Safari haikuwa laini. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakiuka Katiba. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi, NHIF ikaenda.

HESABU YENYEWE

Sasa mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Tuweke kwa lugha ya biashara:

- Ukipata 10,000 kwa mwezi: asilimia 2.75 ni 275, kwa hivyo unalipa 300.
- Ukipata 20,000: 550.
- Ukipata 50,000: 1,375.

Ukiangalia vizuri, mstari uko karibu na 18,000. Anayepata chini ya hapo analipa kidogo kuliko ile 500 ya zamani. Anayepata zaidi analipa zaidi. Kwa hivyo ukisikia mmoja anasema SHA ni nafuu na mwingine anasema imempandishia, wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Inategemea umesimama upande gani wa mstari.

Kwa sisi tusio na payslip, unajaza maswali kuhusu nyumba yako na maisha ya familia, halafu mfumo unakadiria utalipa ngapi. Hapa ndipo malalamiko ni mengi. Kuna watu wa kipato kidogo wamepewa kiwango ambacho hawawezi. Ikikupata hiyo, usinyamaze na usikate tamaa. Enda ofisi ya SHA au Huduma Centre, ueleze hali yako na uulize kama kiwango kinaweza kuangaliwa upya.

NA UKIENDA, USICHANGANYE MAUZO NA FAIDA

Hili ni kosa letu wauzaji. M-Pesa inaonyesha 60,000 imeingia mwezi huu, unasema "napata sixty". Hapana. Toa pesa ya mzigo, rider, vifungashio, bando na ada za kutuma. Labda imebaki 18,000. Asilimia 2.75 ya 60,000 ni 1,650. Ya 18,000 ni 495. Tofauti ya zaidi ya elfu moja kila mwezi, kwa sababu tu hujaweka rekodi! Daftari la shilingi hamsini linaweza kukusaidia hapo.

KINACHOPATIKANA

1. Dispensari na vituo vya afya (level 2 na 3) vyenye mkataba na SHA: matibabu ya kawaida ya kwenda na kurudi yanalipiwa na hazina ya serikali. Hapa kujisajili kunatosha.

2. Kulazwa na huduma za hospitali kubwa: hapa lazima uwe umelipa. Ndipo yule dada wa madera alipokwama.

3. Kujifungua: bima inalipa hospitali 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ikitoza zaidi ya hapo, uliza mapema nani atalipa hiyo tofauti.

Mchango unakuhusu wewe, mwenzi wako na watoto mnaowategemeza. Mama yako mzazi ni nyumba nyingine. Msajili na umlipie kivyake.

PENYE SHIDA

Sitakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Sheria inataka sisi wa kujiajiri tulipe mwaka mzima mapema. Hata kwa kiwango cha chini hiyo ni 3,600 mara moja, na ukiwa kwa 550 ni 6,600. Hiyo ni stoki! Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka na kurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hivyo uliza gharama yake kabla ya kukubali.

Pia mwaka huo hospitali za kibinafsi ziliwahi kutangaza kusimamisha huduma za SHA zikidai hazijalipwa madeni. Kwa hivyo pigia hospitali iliyo karibu nawe simu leo, ukiwa mzima, uulize kama wanapokea SHA na kwa huduma gani. Usingoje saa nane usiku mtoto akiwa na homa.

FANYA HIVI WIKI HII

- Piga *147# uone kama umesajiliwa, familia imeongezwa, na mchango wako unasoma nini. Kujisajili ni bure. Ukiitishwa pesa ya kusajiliwa, ondoka.
- Fanya bima iwe gharama ya biashara kama bando. Ukiwa kwa 550 na unauza oda 40 kwa mwezi, hiyo ni kama shilingi 14 kwa kila oda. Weka pembeni kila ukifunga parcel.
- Mwezi wa mauzo makubwa kama Desemba, toa mchango wa mwaka kabla hujaongeza stoki.
- Deposit ya mteja isiguswe. Weka akaunti tofauti.

Ahadi za siasa tutazipima kwa kura. Bili ya hospitali haingoji uchaguzi, na mtaji wako ni mmoja.

Wewe umepewa kiwango gani, na hospitali ya kwenu wanapokea? Andika hapo chini, kuna mwenzako anataka kujua.