King'ora na Modemu Visitegemee Soketi Moja

Wizi wa majumbani hauchagui mtaa. Hapa Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, nyumba nyingi hubaki tupu mchana. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni au zamu, watoto wako shuleni. Ndiyo maana baadhi ya familia zimefunga king'ora cha wezi. Wakati huohuo modemu ya intaneti imeingia sebuleni kwa ajili ya masomo ya watoto na mazungumzo na ndugu walio mbali. Vyombo hivi viwili vikifungwa ovyo, kimoja humziba mwenzake mdomo, na mwenye nyumba hugundua siku ambayo mwizi ameshaondoka.

Sisi wauguzi tunayo kanuni wodini: mashine inayolinda uhai wa mgonjwa haichomolewi ili mtu achaji simu. Kanuni hiyo inafaa hata nyumbani.

Habari hupita wapi?

King'ora kina sensa za milangoni na madirishani, kisanduku kikuu chenye betri, na honi ya kupiga kelele. Kelele hiyo haihitaji intaneti. Kinachohitaji njia ni habari ya kukufikia wewe uliye mbali. Njia zenyewe ni tatu: waya wa simu ya mezani, laini ya simu ya mkononi iliyowekwa ndani ya kisanduku, au modemu ya nyumbani. Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, muulize fundi: hiki chako kinatumia njia ipi?

Penye waya wa simu ya mezani

Nyumba hizi si nyingi, lakini zipo. Katika waya mmoja wa shaba, sauti hutumia masafa ya chini, yasiyozidi kilohezi 4, na intaneti hutumia masafa ya juu, kuanzia karibu kilohezi 25. Zinaweza kuishi pamoja zikitenganishwa na filta. Kosa la kawaida ni kuunganisha modemu nyuma ya king'ora. King'ora kimetengenezwa kiukamate waya wote kinapotaka kupiga simu, hivyo kila kinapopiga, intaneti hukatika. Na filta isipokuwepo, makelele ya modemu huweza kuvuruga simu ya king'ora.

Dawa yake ni hii: filta ya kugawa iwekwe pale waya unapoingia nyumbani. Tawi moja liende moja kwa moja kwenye modemu. Tawi la sauti lipite kwanza kwenye king'ora, kisha liende kwenye simu. Na kama umehamia kwenye intaneti ya faiba, kumbuka kwamba kisanduku chake kinahitaji umeme wa nyumbani. Simu ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Ya faiba huzimika pamoja na taa zako.

Penye waifai

Siku hizi ving'ora vingi vya bei nafuu hutegemea modemu peke yake. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Fikiria desturi zetu: familia ikisafiri, mama hupita akichomoa kila kitu ukutani ili kuokoa uniti za LUKU. Radi za masika zikianza kunguruma huku Meru, modemu ndiyo ya kwanza kuchomolewa. Uniti zikiisha, yote huzimika. Bando likiisha, intaneti hukata. Kwa hiyo king'ora kinakuwa bubu wakati uleule nyumba iko tupu.

Kwetu nyumbani fundi alifunga modemu na king'ora kwenye soketi moja ya nyongeza, tena kwa swichi moja. Alisema imependeza kwa sababu nyaya hazionekani. Ilibidi tumwite mwingine atenganishe.

Hata modemu ikiwaka, intaneti yenyewe inaweza kukosekana. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliathiri intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani. Ujumbe mfupi wa maandishi kutoka Maji ya Chai kwenda Usa River hauna haja ya kupita baharini. Kwa sababu hiyo tunashauri king'ora chenye laini yake cha kutuma ujumbe na kupiga simu, na waifai iwe njia ya pili.

Mambo ya kuzingatia

Laini ya king'ora isajiliwe kwa jina lako. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole. Usikubali ile iliyosajiliwa na fundi. Ondoa namba ya siri ya kuifungulia laini, maana visanduku vingi havijui kuiandika. Iwe na salio, na itumike mara kwa mara isije ikafungwa.

Modemu ipate soketi yake na betri yake ndogo ya akiba. Usiiunganishe kwenye betri ya king'ora, kwani itaimaliza usiku mmoja. Usivibandike karibu karibu. Acha nafasi ya mita moja au mbili.

Kama king'ora hakioni waifai, tazama masafa. Vingi hukubali gigahezi 2.4 tu, si 5. Tena badilisha neno la siri lililokuja na modemu. Mara nyingi limeandikwa nyuma yake, na kila mgeni anaweza kulisoma.

Nani apokee habari?

Tumeona nyumba ambazo king'ora humpigia baba aliye Dar es Salaam peke yake. Naye atafanya nini? Andika namba ya jirani anayeshinda nyumbani, ya balozi, na ya ndugu aliye karibu. Wakubaliane mapema nani atapiga namba ya dharura ya polisi, 112. Na mtu asiingie peke yake ndani ya nyumba iliyovunjwa. Mali hutafutwa tena, lakini jeraha la panga tunalijua sisi tunaolifunga.

Jipime kila mwezi

Chagua siku moja ya mwezi. Waambie majirani. Chomoa modemu, zima umeme kwenye swichi kuu, subiri nusu saa, kisha fungua mlango. Honi ilie, na simu ya jirani iite. Isipoita, mwite fundi siku hiyohiyo. Na betri ikifika miaka mitatu, anza kuweka fedha ya kuibadilisha.