Barua, Msiba na Urafiki katika Filamu ya "Central do Brasil"

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kueleza jinsi msiba unavyoweza kuwaunganisha mtoto na mtu mzima katika urafiki ambao hakuna kati yao aliyeutafuta. Mfano wetu ni "Central do Brasil", filamu ya Kireno iliyoongozwa na Walter Salles, ambayo ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 1998.

Dora, mwalimu mstaafu, huketi katika stesheni kuu ya reli ya Rio de Janeiro akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Ujira huupokea, lakini barua nyingi hazifikishi posta, nyingine huzichana. Mteja wake mmoja, Ana, anagongwa na basi nje ya stesheni, na mwanawe Josué, mwenye umri wa miaka tisa, anabaki peke yake. Kwanza Dora anamuuza mtoto huyo na kununua televisheni. Kisha dhamiri inamsuta. Anamwokoa, nao wanafunga safari ndefu ya kaskazini-mashariki kumtafuta baba wa Josué.

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Dora ni wa mbali hasa, na haingii kilioni kwa huruma tu: msiba wa Josué unafukua uchungu wake wa zamani juu ya babake mwenyewe. Wala mtoto si mpokeaji tu. Dora anapozirai katika mji wa mahujaji, anaamka asubuhi kichwa chake kikiwa mapajani mwa Josué. Fedha zinapowaishia, Josué ndiye anayewaita wateja waje kuandikiwa barua.

Hatimaye wanawafikia kaka wawili wa Josué, nao wanamwomba Dora awasomee barua ya baba yao. Katika kuisoma, Dora anaongeza jina la Josué. Je, huu si udanganyifu ule ule wa stesheni? Kwa maoni yetu, sivyo. Kule aliwanyang'anya watu sauti zao; huku anampa yatima mahali katika ukoo. Hata hivyo, uwezo alioutumia ni ule ule, na sisi tunaofundisha kusoma na kuandika hatuna budi kuukumbuka: ajuaye herufi hushika mkononi maisha ya asiyezijua.

Alfajiri Dora anaondoka Josué angali amelala. Ndani ya basi anaandika barua, na safari hii maneno ni yake mwenyewe.