Mnara, Betri na Cheti: Teknolojia na Wanafunzi wa Kinavajo

Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné, yaani watu, ni mojawapo ya mataifa makubwa kabisa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Waliosajiliwa kuwa raia wa taifa hilo wanakaribia 400,000. Nchi yao imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, na eneo lake hupita kilomita za mraba 70,000. Ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Hata hivyo, chini ya nusu ya raia hao ndio wakaao humo, na nyumba zao zimetawanyika. Katika makala haya tutaeleza jinsi hali hiyo inavyomzuia kijana kumaliza shule ya sekondari, na jinsi teknolojia inavyoweza kumsaidia.

Umbali na cheti

Katika mkataba wa mwaka 1868, serikali ya Marekani iliahidi nyumba ya shule na mwalimu kwa kila watoto 30 wa Kinavajo. Ahadi hiyo haikutimizwa ipasavyo. Watoto wengi walipelekwa katika shule za bweni za mbali, ambako walikatazwa kusema lugha yao. Katika wilaya ya San Juan, kusini mwa Utah, hata katika miaka ya 1970 wanafunzi wengi walisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Mwaka 1974 walifungua kesi, na kutokana na mapatano ya mwaka 1975 shule mbili za sekondari zilijengwa karibu na kwao.

Mwanafunzi wa Arizona hutakiwa kufaulu yuniti 22 za masomo ili apate cheti. Njia ya udongo ikiharibiwa na mvua au theluji, basi halifiki, naye hukosa vipindi. Akishindwa yuniti moja, ni lazima airudie huku wenzake wakiendelea. Deni hilo hukua mwaka hadi mwaka, na mwishowe kijana hukata tamaa. Hapa ndipo kompyuta inapofaa: humwezesha kurudia yuniti aliyoikosa kwa mwendo wake mwenyewe, jioni au wakati wa likizo. Vilevile, mwalimu mmoja wa fizikia anaweza kufundisha shule kadhaa kwa wakati mmoja, hali ambapo shule ndogo pengine isingeweza kumpata mwalimu wake.

Mawimbi jangwani

Kufukia waya hadi kila nyumba ni ghali mno, kwa hiyo mawimbi ya redio hutumika. Mawimbi yenye marudio makubwa, kama yale ya megahezi 2,500, husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Umbali wa upeo wa macho, kwa kilomita, ni takriban 3.6 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Mnara wa mita 30 juu ya uwanda huona karibu kilomita 20. Ukisimamishwa juu ya mlima wenye kilele bapa, mita 300 juu ya uwanda, huona zaidi ya kilomita 60. Basi milima ile ile inayoficha bonde hili huweza kulihudumia bonde lile. Lakini nguvu ya wimbi hupungua kadiri linavyosafiri; ndiyo sababu minara hupokezana ujumbe, mmoja hadi mwingine.

Umeme nao ni sharti. Maelfu ya nyumba za Wanavajo hazijaunganishwa na nyaya za umeme, ingawa tangu mwaka 2019 mafundi kutoka majimbo mbalimbali wamekuwa wakija kusaidia kuzivuta. Kompyuta ya kubebeka inayotumia wati 40 kwa saa 4 huhitaji wati-saa 160. Bamba la jua la wati 100, likipata jua kali kwa saa 5, hutoa kiasi cha wati-saa 500, ukiacha zinazopotea. Kwa hiyo bamba dogo na betri hutosha kwa kazi ya usiku.

Mtihani wa mwaka 2020

Uviko-19 ulipofunga shule mwaka 2020, upungufu wote ulidhihirika. Wanafunzi waliketi ndani ya magari kando ya shule na nyumba za mabaraza ili wapate intaneti, na mabasi ya shule yalifungwa mitambo ya kuisambaza. Mwaka huo huo Taifa la Wanavajo liliruhusiwa kutumia mawimbi ya megahezi 2,500 juu ya ardhi yake. Mwezi Aprili 2021, mahakama ya New Mexico iliamuru jimbo liwapatie wanafunzi waliohusika katika kesi ya Yazzie na Martinez vyombo na intaneti ya kasi. Kwa amri hiyo, intaneti ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu yenyewe, kama kitabu na dawati.

Lugha

Kinavajo huandikwa kwa alama za toni na za sauti ya puani, ambazo mashine za chapa za kawaida hazikuwa nazo. Leo kompyuta huziandika zote, na tangu mwaka 2018 lugha hiyo hufundishwa hata katika programu ya Duolingo. Jambo hili si dogo. Shule iliyowahi kumnyamazisha babu inaweza sasa kumpa mjukuu somo kwa lugha ya babu yake, naye akaiona shule kuwa ni yake.

Hata hivyo, mashine haimjui mwanafunzi asiyefika. Huonyesha tu kwamba jina lake halikuitikia kwa siku tatu. Kumfuata nyumbani na kuuliza kulikoni ni kazi ya mwalimu. Mnara hufupisha njia, betri hurefusha siku, bali anayemfikisha kijana kwenye cheti ni mtu aliyeutambua upungufu wake mapema.