Vijana Wetu na Shahada ya Sheria

Wazazi wengine hapa Mwanza hutuuliza: yafaaje kijana wa madrasa aende Nyegezi, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, akasome sheria, habari za wezi na wauaji? Na chuo chenyewe ni cha maaskofu!

Twajibu: Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haina dhehebu. Yataka mshitaki athibitishe kosa pasi na shaka. Nasi madrasani twafundisha kwamba mdai ndiye aletaye ushahidi. Mvuvi wa Mwaloni asiyejua hayo huenda akatia dole gumba kwenye maelezo ya kukiri asiyoyasoma, akajikuta gereza la Butimba. Nani atamtetea, ikiwa twawazuia wanetu?

Ila shahada pekee haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, nayo iko Dar es Salaam. Huko ada hulipwa upya.