Masta ya Biolojia Kabla ya Udaktari: Maelezo kwa Vijana Wetu na Wazazi Wao

Muulize mkazi wa Mutanga Nord udaktari unasomewa wapi, atakuonyesha upande wa Kamenge. Kampasi ya Mutanga, jirani na mtaa huo, ndiyo yenye Kitivo cha Sayansi, na humo ndimo inamofundishwa biolojia. Kitivo cha Udaktari kiko Kamenge, pamoja na hospitali ya chuo kikuu ambayo watu wa Bujumbura wanaiita Roi Khaled. Kijana aliyemaliza sekondari na kufaulu mtihani wa taifa huelekezwa huku au kule. Wa biolojia atakuwa mwanabiolojia. Wa udaktari anaanza udaktari palepale. Kupitia Mutanga ili ufike Kamenge si desturi ya nchi yetu.

Kwa hiyo mtoto wa Kirundi aliyekulia Marekani anapotangaza kwamba mwaka huu anaanza masta ya biolojia, na baadaye ataomba udaktari, nyumba nzima inababaika. Babu aliyeko Mutanga Nord anatuma sauti kwa WhatsApp: "Huyu mjukuu wangu amesoma miaka minne, sasa masta, na bado hajaanza udaktari?" Mama aliyeko hapa Marekani anamjibu kwamba ndivyo wanavyosoma Wamarekani, kwamba masta ni ngazi ya katikati. Babu ana haki ya kushangaa. Jibu la mama, ingawa analitoa kwa mapenzi, si sahihi, na linaweza kuigharimu familia fedha nyingi.

Vyuo vya udaktari vya Marekani havidai masta. Vingi vinadai shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya miaka minne na inaweza kuwa ya somo lolote, mradi mwanafunzi awe amesoma biolojia, kemia, kemia ogania na fizikia pamoja na maabara zake. Siku hizi vingi vinaongeza biokemia. Juu ya hapo kuna mtihani wa kuingilia udaktari uitwao MCAT, barua za mapendekezo, kazi ya kujitolea na uzoefu wa kukaa karibu na wagonjwa. Masta ya biolojia ni dawa ya ugonjwa maalumu, na kabla ya kuimeza lazima mtu ajue anaumwa nini.

Ugonjwa mmojawapo ni alama mbaya za shahada ya kwanza. Vijana wetu wengi walisoma huku wakipanga mizigo ghalani usiku, wakiwapeleka wadogo zao shule asubuhi na kuwatafsiria wazazi kwa daktari mchana. Muhula wa kwanza na wa pili ukaharibika, wastani ukabaki 3.1 kati ya 4.0. Mtu anawaza: nitasoma masta, nitapata 4.0, wastani utapanda. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Maombi ya vyuo vingi vya udaktari hupita kwenye mfumo mmoja unaoitwa AMCAS. Mfumo huo huandika wastani wa shahada ya kwanza kwenye mstari wake na wastani wa masta kwenye mstari mwingine, wala hauchanganyi mistari hiyo miwili. Tuseme kijana ana krediti 120 zenye wastani wa 3.1. Akisoma masta ya krediti 30 na kupata 4.0 kila somo, mstari wa kwanza utabaki 3.1 vilevile, na 4.0 itasimama peke yake pembeni. Lakini akirudi darasani baada ya kuhitimu na kusoma krediti 30 za ngazi ya shahada ya kwanza, akazipata zote kwa 4.0, wastani wake utafika karibu 3.28. Mara nyingi masomo hayo ni ya bei nafuu kuliko masta, na chuo cha jimbo kilicho karibu na nyumbani kinayatoa. Mimi ningependa kila mzazi aone hesabu hii kabla ya kusaini karatasi yoyote ya mkopo.

Je, masta haina faida? Inayo, tena kubwa, kwa mtu anayeihitaji. Kamati ya chuo cha udaktari ikiona kijana aliyeyumba akiwa na miaka kumi na tisa sasa anafaulu masomo mazito ya fiziolojia na biolojia ya seli, inapata ushahidi kwamba mtu huyu amebadilika. Zipo programu fupi, nyingi zikiwa za mwaka mmoja, zilizoundwa kwa kazi hiyohiyo, kama zile za Georgetown na Boston University, ambazo humpa mwanafunzi masomo ya uzito wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Ni ghali, na akianguka humo ameonyesha waziwazi kwamba udaktari utamshinda. Kwa maoni yangu, asiyekuwa tayari kuacha kazi ya usiku kwa mwaka huo mmoja asiingie.

Masta ya kawaida ya utafiti ni jambo jingine. Inachukua kama miaka miwili, ina msimamizi na tasnifu, na katika vyuo kadhaa mwanafunzi husamehewa ada na kulipwa posho kwa kufundisha maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa saa ishirini hivi kwa wiki. Nafasi za namna hiyo hazimfuati mtu nyumbani. Mwombaji huwaandikia maprofesa mapema, Septemba au Oktoba ya mwaka wa kabla, akiwa amesoma makala zao za kisayansi na ana swali moja la kweli kuhusu kazi yao. Akiandika "napenda biolojia na nataka kuwa daktari" hatajibiwa.

Wengine wanauliza juu ya waliosomea nyumbani: mtu ana shahada yake ya biolojia kutoka Mutanga, au alifika mwaka wa tatu wa udaktari Kamenge, afanyeje? Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Deogratias Niyizonkiza. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari vita vilipozuka Oktoba 1993. Alifika New York mwaka 1994 bila kujua Kiingereza, akafanya kazi ya kupeleka vyakula majumbani kwa watu, akalala katika bustani ya Central Park. Udaktari hakuuendeleza pale alipouachia Burundi. Alianza upya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Columbia, akasoma biokemia na falsafa, akaenda Harvard kusoma afya ya jamii, ndipo akaingia chuo cha udaktari cha Dartmouth. Kisha akarudi kujenga kituo cha afya Kigutu, kusini mwa Burundi, kupitia shirika lake la Village Health Works. Kituo kilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Mwandishi Tracy Kidder alisimulia maisha yake katika kitabu cha Strength in What Remains, kilichotoka mwaka 2009. Ninalolitazama zaidi katika safari hiyo ni kwamba masomo ya afya ya jamii yalikuwa na kazi yake mwenyewe. Kigutu ni matunda ya masomo hayo na ya kukaa karibu na daktari Paul Farmer na wenzake wa shirika la Partners In Health, kama ilivyo matunda ya masomo ya udaktari.

Mwenye vyeti vya Burundi ajue kwamba AMCAS haihesabu alama za vyuo vya nje, na vyuo vingi vya udaktari vinataka masomo ya msingi yawe yamesomwa Marekani au Kanada. Kwake yeye masta ya hapa inasaidia kuonyesha alama za hapa, lakini lazima aulize kila chuo: mnakubali masomo ya masta kuwa masomo ya msingi, au mnataka krediti kadhaa za shahada ya kwanza? Majibu hayafanani.

Kuhusu karatasi zenyewe, ndugu aliyeko Mutanga Nord ndiye wa kuombwa, kwa kuwa yeye anaweza kufika kampasi kwa miguu. Orodha ya alama iombwe nakala zaidi ya moja, zenye muhuri, ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe. Pamoja na hizo aombe maelezo ya masomo: yalihusu nini, saa ngapi za darasani, ngapi za maabara. Alama zisibadilishwe kwa hesabu ya kichwa. Mwenye 14 kati ya 20 nyumbani anapongezwa. Ukigawanya tu unapata 70 kwa 100, ambayo kwa Mmarekani ni C. Kazi ya kulinganisha waachiwe watathmini wa vyeti wanaojua mfumo wetu.

Sasa kujiandaa. Wapo wahitimu wanaoijua PCR, mbinu ya kunakili DNA, kwa ubao, ila mikono yao haijawahi kuifanya. Chukua pipeti ndogo ya maabara, ile inayopima sehemu za milioni za lita. Kitufe chake kina vituo viwili. Ukibonyeza hadi kituo cha kwanza unapima. Kituo cha pili ni cha kutoa tone la mwisho. Mgeni hubonyeza moja kwa moja hadi mwisho kabla ya kuvuta, akavuta kimiminika kingi kuliko alichokusudia, na jaribio la siku tatu likaharibika bila yeye kujua sababu. Hujifunzi hili kitabuni. Kiangazi kabla ya masta kuanza, nenda ukajitolee katika maabara yoyote itakayokupokea, hata kama kazi ni kuosha vyombo na kuandaa vimiminika. Jifunze takwimu pamoja na programu ya R, ambayo ni ya bure. Jizoeze kusoma makala ya kisayansi ukianzia kwenye michoro, halafu maneno.

Na chagua swali unalolipenda. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017. Kichocho kinaendelea kuwapata watoto wanaooga mitoni na ziwani. Kijana wetu anayechunguza mbu au konokono ana jambo la kuiambia kamati ya udaktari, na msimamizi wake ataandika barua ya mtu anayemjua kweli.

MCAT inahitaji aya yake. Ina sehemu nne, alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, na siku ya mtihani inachukua zaidi ya saa saba pamoja na mapumziko. Masta ya biolojia inasaidia sehemu ya biolojia na biokemia. Haisaidii sehemu ya ufahamu na uchambuzi, yenye vifungu tisa na maswali 53 ndani ya dakika 90, vinavyohusu falsafa, sanaa, historia, siasa. Hapo ndipo wanapokwama vijana waliolelewa kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, hata wale hodari wa kemia. Sehemu hiyo haifundishiki kwa mwezi mmoja. Anza kusoma insha ngumu za Kiingereza kila siku, mwaka mzima kabla, na ukimaliza kila moja andika kwa sentensi mbili mwandishi anadai nini. Kumbuka pia kwamba vyuo vingi havikubali alama zenye umri wa zaidi ya miaka miwili au mitatu. Ukiufanya mtihani mapema mno, masta itaisha na alama zimechacha.

Fedha. Taasisi ya AAMC, inayosimamia MCAT na AMCAS, ina mpango wa msaada unaopunguza ada ya MCAT na kusamehe ada ya AMCAS kwa idadi fulani ya vyuo, na wakimbizi waliokubaliwa rasmi wamo miongoni mwa wanaoweza kuomba. Lazima uombe kabla ya kujiandikisha, kwa sababu ukishalipa hurudishiwi. Kuhusu mikopo, sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imefuta mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa masta anabaki na dola 20,500 kwa mwaka, jumla isizidi 100,000. Wa udaktari 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Gharama za miaka minne ya udaktari katika vyuo vingi zinapita hapo. Kila dola iliyokopwa kwa masta isiyo ya lazima itamfuata kijana huyo hadi wodini.

Kwa walio bado Bujumbura, tangazo la Rais wa Marekani lililoanza kazi 9 Juni 2025 lilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, kwa hiyo wasilipe ada ya maombi kabla ya kuuliza hali ilivyo. Ndugu zetu wa Ubelgiji wana njia fupi zaidi: huko udaktari unaanza baada ya sekondari, na upande wa wanaozungumza Kifaransa kuna mtihani wa kuingilia tangu 2017; masta ya biolojia haifupishi kitu. Kwa walioko Québec wenye makazi ya kudumu, vyuo vya Montréal, Laval na Sherbrooke vinafundisha udaktari kwa Kifaransa na havidai MCAT, na nashangaa jinsi wachache wetu wanavyolijua hilo.

Mwisho, kalenda. AMCAS hufunguliwa Mei na huanza kupokea maombi kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, kwa ajili ya darasa litakaloanza mwaka unaofuata. Anayesoma masta ya miaka miwili aombe mwishoni mwa mwaka wa kwanza, alama za mihula miwili zikiwa zimeshatoka na msimamizi ameshamzoea. Akikubaliwa ataingia udaktari mara baada ya kutetea tasnifu. Wa masta ya mwaka mmoja ana mawili: aombe kabla hajaanza, na kamati isione alama zake mpya mapema, au aombe baada ya kumaliza na akae mwaka mzima akisubiri. Mwaka huo autafutie kazi hospitalini au maabara tangu Januari, kwa sababu nafasi nzuri hujaa kabla ya kiangazi. Na masta aliyoianza aimalize: vyuo vingi vya udaktari havimruhusu mtu kuingia darasani akiwa ameacha nyuma shahada aliyoandika kwenye maombi yake.